Kwa nini 1080p haionekani kwenye kifaa chako hata ukiwa na bando la kutosha

Mtazamaji_Ntinda (mleta uzi), Kampala

Ndugu zangu, salaam. Malalamiko ninayoyasikia kila mara hapa mjini ni haya: simu ya mtu inaonyesha filamu kwa 1080p, televisheni ya sebuleni inafika 2160p, lakini laptopu yake inagota kwenye 720p au hata 480p, ilhali vifaa vyote vitatu vinatumia Wi-Fi ile ile na akaunti ile ile. Namba hizo huhesabu mistari ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha, kutoka juu hadi chini, na 2160p ndiyo inayoitwa 4K. Akienda dukani kuuliza, anaambiwa kwamba mtandao ni dhaifu, naye anarudi nyumbani na kununua bando kubwa zaidi. Jibu hilo linawagharimu watu fedha nyingi, na ndilo lililonisukuma kuandika kwa kirefu.

Tuanze na namna video inavyofika kwenye kifaa. Huduma nyingi za leo hazitumi faili moja zima. Video hukatwa katika vipande vya sekunde chache, na kila kipande huandaliwa kwa ngazi kadhaa za ubora, kuanzia 144p au 240p hadi 1080p na kuendelea. Mfumo wa HLS ulioletwa na Apple mwaka 2009, na ule wa MPEG-DASH uliochapishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, yote miwili hufanya kazi hivyo. Kabla picha haijaanza, kifaa hupokea orodha ya ngazi zilizopo, kisha programu hupima kasi ya mtandao na kuomba kipande cha ngazi inayofaa, ikipanda na kushuka kadiri hali inavyobadilika. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mtandao ukiwa dhaifu, programu huchagua ngazi ya chini, lakini ngazi za juu hubaki kwenye orodha, na ukizichagua kwa mkono zitacheza, ingawa kwa kusuasua. Ngazi isipoonekana kabisa, kuna aliyeiondoa: aliyepakia video, kifaa chenyewe, kinga ya hakimiliki, au mpango unaoulipia.

Kwa aliyepakia sitakaa sana. Video iliyorekodiwa kwa 480p haiwezi kuota pikseli ambazo kamera haikuzinasa, na huduma haitaiwekea ngazi ya 1080p. Video nyingi za zamani za harusi na za mikutano zimo katika kundi hili, na hakuna mpangilio wa simu utakaozisaidia.

Kifaa kina mambo mengi zaidi. Video huhifadhiwa kwa kodeki, yaani kanuni ya kuibana ili iwe ndogo, na kifaa kisichoielewa kodeki fulani hakiwezi kupewa ngazi zilizobanwa kwa kodeki hiyo. YouTube hutoa kodeki ya H.264 hadi 1080p tu. Ngazi za 1440p na 2160p hutolewa kwa kodeki mpya zaidi, VP9 au AV1. Kwa miaka mingi Apple haikuipokea VP9, kwa hiyo mtu mwenye Mac ya bei ghali na skrini safi kabisa, akifungua YouTube kwa Safari, aliona menyu ikikomea 1080p; akifungua Chrome kwenye mashine hiyo hiyo, ngazi zote zilijitokeza. Hali hiyo ilibadilika mwaka 2020 kwa Safari 14 na iOS 14. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo: skrini ni moja, mtandao ni mmoja, video ni moja, na kilichobadilika ni kivinjari tu.

Sasa nije kwenye kinga ya hakimiliki, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayowaumiza watu wengi zaidi hapa kwetu na ndiyo isiyosemwa madukani. Huduma za filamu za kulipia hufunga video kwa ufunguo. Katika vifaa vya Android na katika Chrome, anayesimamia ufunguo huo ni Widevine, teknolojia ambayo Google iliinunua mwaka 2010. Microsoft ina PlayReady, na Apple ina FairPlay. Widevine ina viwango vitatu vya usalama. Kifaa cha L1 hufungua na kushughulikia video ndani ya sehemu iliyotengwa na kulindwa katika prosesa, mahali ambapo programu nyingine haziwezi kuchungulia. Kifaa cha L3 hufanya kazi hiyo kwa programu ya kawaida, bila ulinzi wa prosesa, na L2 ni nadra kukutana nacho. Wenye filamu huogopa kwamba kifaa cha L3 ni rahisi kunakili, kwa hiyo huduma kama Netflix hukipa ubora wa kawaida tu, ule wa takribani 480p. Prosesa iwe na nguvu namna gani, skrini iwe na pikseli nyingi namna gani, na bando liwe kubwa namna gani, ngazi za juu hazitatolewa.

Jirani yangu aliuziwa kisanduku cha televisheni katika duka moja la katikati ya jiji. Juu ya boksi pameandikwa 4K kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu. Kwenye programu ya filamu sura za watu zilikuwa na ukungu na maandishi ya chini yalikuwa na kingo za ngazi ngazi. Muuzaji alishikilia kwamba kosa ni la mtandao. Tulifungua YouTube kwenye kisanduku hicho hicho, kwa Wi-Fi hiyo hiyo, tukachagua 2160p kwa mkono, na video ikatembea bila kusimama. Video za bure za YouTube hazina kufuli la aina hiyo. Kisha tukafungua programu ndogo iitwayo DRM Info, na kwenye mstari wa kiwango cha usalama palisomeka L3. Mtandao uliokuwa ukipitisha 2160p hauwezi kulaumiwa kwa 480p, na muuzaji aliyechapisha 4K juu ya boksi bila kutaja L3 amemficha mnunuzi jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wake.

La mwisho ni mpango wa malipo. Netflix, iliyofika Uganda Januari 2016 pamoja na nchi nyingine nyingi kwa siku moja, huuza mipango kwa ngazi: mpango wa simu pekee, pale unapotolewa, hukomea 480p, wa msingi 720p, wa kawaida 1080p, na ule wa juu kabisa hufika 4K. Aliyelipia mpango wa simu asitafute kosa lolote kwenye kifaa.

Nakaribisha michango, hasa kutoka kwa mafundi.

Mwalimu_Mbale

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa maelezo. Mimi hufundisha jiografia, na shuleni tuna laptopu ya zamani pamoja na projekta inayounganishwa kwa VGA, ile kebo ya zamani ya picha. Video za YouTube kuhusu Bonde la Ufa zinaonyesha chaguo la 1080p, lakini nikilichagua picha inakwama huku sauti ikiendelea, ingawa kipimo cha kasi kinaonyesha kuwa mtandao wa shule unatosha. Nikishuka 480p inakwenda vizuri. Je, hili nalo ni suala la kifaa? Jambo la pili, mwenzangu alijaribu kuonyesha makala kutoka kwenye huduma ya kulipia kupitia projekta hiyo hiyo, akapata skrini nyeusi yenye sauti tu.

Mtazamaji_Ntinda (mleta uzi)

Mwalimu, maswali yako mawili yana majibu tofauti, nami nitayatenganisha.

La kwanza ni la kodeki. Laptopu ya zamani huwa na kifaa cha ndani cha kufungulia H.264, lakini haina cha VP9 wala AV1, kwa hiyo YouTube ikikuletea VP9, prosesa kuu inalazimika kufanya kazi yote peke yake na inazidiwa. Unaweza kulithibitisha mwenyewe. Bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua mstari unaosema "Stats for nerds". Litafunguka dirisha dogo jeusi lenye takwimu. Kwenye mstari wa kodeki, ukiona vp09 ujue ni VP9, av01 ni AV1, na avc1 ni H.264. Mstari mwingine hutaja idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, zilizodondoshwa kati ya zote zilizopokelewa. Namba hiyo ikipanda mfululizo wakati akiba ya sekunde zilizokwisha kupakuliwa bado ni kubwa, mtandao umefanya kazi yake na kompyuta ndiyo iliyoshindwa. Dawa yake ni kiendelezi cha kivinjari kiitwacho h264ify, ambacho huilazimisha YouTube kutuma H.264 pekee. Utapoteza ngazi zilizo juu ya 1080p, lakini mashine itapumua.

Hata hivyo, angalia kwanza projekta yako ina pikseli ngapi. Projekta nyingi za VGA zilizo mashuleni ni za 800 kwa 600 au 1024 kwa 768. Ukiipelekea 1080p itaipunguza ili iingie, na wanafunzi wa benchi la nyuma hawataona tofauti kubwa na 720p.

La pili ni la kinga inayoitwa HDCP, iliyobuniwa na Intel ili kulinda picha inaposafiri ndani ya kebo kutoka kwenye kifaa hadi kwenye skrini. VGA ni njia ya analogi na haina HDCP kabisa. Huduma ya kulipia ikigundua kwamba upande wa pili hauna kinga hiyo, hushusha ubora au hukataa kutoa picha, na hiyo ndiyo skrini nyeusi aliyoiona mwenzako. Kwa 4K huduma hizo huhitaji HDCP 2.2, na kila kiungo kilicho katikati, iwe adapta au kigawanyio cha HDMI, lazima kiitambue. Zaidi ya hayo, akaunti ya nyumbani hairuhusiwi kuonyeshwa hadharani darasani isipokuwa pale huduma yenyewe ilipotoa idhini, kwa hiyo kwa masomo ningekushauri ubaki na video za bure.

FundiRuninga_Jinja

Mleta uzi amesema kweli, nami naongeza yale ninayokutana nayo kwenye meza ya kazi.

Kwanza, watu huchanganya kutupia video kwenye televisheni (cast) na kuakisi skrini ya simu (mirroring). Ukibonyeza alama ya kutupia iliyo ndani ya programu, televisheni au Chromecast, kile kifaa kidogo cha Google kinachochomekwa kwenye televisheni, huichukua video moja kwa moja kutoka kwenye seva, na simu hubaki kuwa rimoti tu. Ubora hapo huamuliwa na televisheni. Ukiakisi skrini, simu ndiyo inayopokea video, inaifungua, inaibana upya na kuirusha kwenye televisheni kwa Wi-Fi, kwa hiyo hupati zaidi ya kile ambacho simu imekipokea, na kubanwa mara ya pili huongeza ukungu. Mteja huleta televisheni akisema kioo kimeharibika, kumbe amekuwa akiakisi simu yenye L3.

Pili, kuna simu zilizobadilishiwa programu endeshi. Simu ilitoka kiwandani ikiwa na L1, lakini ilipofunguliwa kufuli la kuwashia (bootloader) au kuwekewa programu isiyo ya kwake, ikapoteza funguo na kushuka L3. Baadhi ya modeli hurudi zikirejeshewa programu ya kiwandani, na nyingine hazirudi tena. Simu nyingi za mitumba zinazoingia nchini zimepita katika mikono ambayo hatuijui, kwa hiyo jina la modeli pekee halitoshi kukupa uhakika.

Tatu, televisheni za zamani zinazoitwa janja. Paneli yake bado ni nzima, lakini prosesa yake haiwezi kufungua kodeki mpya, au mtengenezaji ameacha kuipelekea masasisho. Siwashauri wateja watupe televisheni ya namna hiyo. Kisanduku kilichoidhinishwa, kikichomekwa kwenye HDMI, huifanya iendelee kutumika miaka mingine. Ninasisitiza kuidhinishwa, kwa sababu visanduku vya bei ya chini visivyo na idhini vina hatari nyingine kubwa kuliko ukungu: mwaka 2023 watafiti wa usalama walifichua mtandao wa programu hasidi uitwao BADBOX, uliokuwa umepandikizwa ndani ya visanduku hata kabla ya kuuzwa, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu toleo lake la pili.

Mtazamaji_Ntinda (mleta uzi)

Fundi, umenikumbusha jambo linaloonyesha kwamba hata chapa kubwa zimewahi kuingia katika tatizo hili. Simu ya Poco F1 ya mwaka 2018 ilitoka ikiwa na prosesa ya daraja la juu kabisa kwa wakati wake, lakini ilikuwa na L3, hivyo wanunuzi walitazama Netflix kwa ubora wa kawaida mpaka kampuni ilipotoa sasisho la L1 mwaka 2019. Wenye OnePlus 5 na 5T walilazimika kupeleka simu zao kwa kampuni ili ziwekewe L1, kwa sababu sasisho la kawaida halikutosha. Prosesa peke yake haithibitishi lolote. Tena L1 nayo ni hatua ya kwanza tu, kwani Netflix ina utaratibu wake wa kuidhinisha modeli, na simu yenye L1 isiyoidhinishwa inaweza kunyimwa ubora wa juu.

Kwenye kompyuta hadithi ni hiyo hiyo. Kwa miaka mingi Netflix ndani ya Chrome na Firefox ilikomea 720p, wakati Edge kwenye Windows na Safari kwenye Mac zilifika 1080p au zaidi katika mashine zilezile, kwa sababu vivinjari hivyo viwili hutumia kinga ya mwenye mfumo endeshi. Anayetumia mfumo endeshi wa Linux hana Edge yenye kinga hiyo wala Safari, na mara nyingi ndiye anayebaki chini. Hapo mtu hahitaji bando jipya. Anahitaji kubadilisha kivinjari.

Dada_Gulu

Kaka mleta uzi, mimi ninashughulika na video za kanisa letu. Jumapili jioni ninapakia mahubiri kwenye YouTube, na papo hapo waumini wananipigia simu kwamba inaonekana 360p pekee, wakati mimi nimerekodi kwa 1080p. Asubuhi yake wanakuta ngazi zote zipo. Jambo jingine linalonisumbua ni simu yangu mwenyewe: jioni, YouTube ikiwa kwenye uteuzi wa kiotomatiki, inashuka hadi 240p, lakini dada yangu aliyeketi karibu nami, mwenye laini ya kampuni ile ile, anapata 720p.

Mtazamaji_Ntinda (mleta uzi)

Dada, la kwanza halina tatizo lolote. YouTube huandaa kwanza nakala za ubora wa chini ili video ipatikane mapema, kisha huendelea kuandaa zile za juu, na video ndefu ya 1080p inaweza kuchukua saa kadhaa. Ipakie ikiwa bado ya faragha, subiri alama ya HD, yaani ubora wa juu, itokee, kisha ifungue kwa umma. Hakuna muumini atakayekupigia simu tena.

La pili ningependa uangalie kama umeacha VPN, ile programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mahali pengine, ikiwa imewashwa. Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, watu wengi wamezoea kuwasha VPN na kuisahau. Huduma kubwa za video huweka nakala za video zinazotazamwa sana kwenye seva zilizo karibu na watazamaji, na Kampala ina kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti, UIXP, tangu mwaka 2001, ili data ya hapa nchini isilazimike kuzunguka ng'ambo. Ukiwasha VPN yenye seva ya Ulaya, ombi la kila kipande cha video huvuka kebo za baharini hadi Ulaya, kisha kipande chenyewe huja kwako kupitia pwani ya Kenya au Tanzania, na njia hiyo jioni huwa na msongamano. Uteuzi wa kiotomatiki hulihisi na kushuka. Zingatia kwamba menyu yako bado ina 720p. Haijaondolewa, ila haichaguliwi. Hilo ndilo tatizo halisi la mtandao, na ndivyo unavyolitambua.

Kama VPN imezimwa, tazama mpangilio wa YouTube. Tangu mwaka 2021 programu ya simu imeficha namba. Ukigusa sehemu ya ubora, unaona kwanza uteuzi wa kiotomatiki, ubora wa juu wa picha, na kiokoa data. Namba zenyewe zimo ndani ya mstari wa mwisho. Wengi hudhani zimefutwa. Vilevile, ndani ya mipangilio kuna ubora wa mtandao wa simu na ubora wa Wi-Fi vikiwa vimetenganishwa, na kiokoa data kikiwekwa upande wa mtandao wa simu kitabaki hapo hadi ukiondoe.

Mhasibu_Mbarara

Nimesoma yote kwa makini, na nina pingamizi. Tunajadili 1080p na 4K katika nchi ambayo kila gigabaiti inalipiwa kwa jasho. Kwanza tulitozwa shilingi 200 kwa siku kwa ajili ya mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, kisha Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Netflix wenyewe hukadiria kwamba kiwango cha kati hula takribani GB 0.7 kwa saa, HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Kwa bando la GB 10, mtu wa kiwango cha kati anatazama saa 14, mtu wa HD saa 3 na dakika chache, na mtu wa 4K hafikishi hata saa moja na nusu. Kwenye simu ya inchi 6, 480p inatosha kabisa. Kwa maoni yangu, L3 imewaokolea watu fedha bila wao kujua.

Mtazamaji_Ntinda (mleta uzi)

Ndugu Mhasibu, hesabu zako ni sahihi, na mimi mwenyewe nikiwa safarini hutumia 480p kwa hiari. Tofauti yetu iko kwenye neno hilo, hiari. Mwenye kifaa cha L1 anaweza kushuka hadi 480p wakati wowote akitaka kubana matumizi. Mwenye L3 hawezi kupanda hata akiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi isiyomgharimu shilingi. Na huyo wa L3 alilipia skrini yenye pikseli zaidi ya milioni 2, akapewa picha yenye pikseli laki 4 hivi, yaani takribani moja ya tano.

Tena si kila video ni ya burudani. Mtoto anayefuata somo la hisabati ubaoni kwa 240p hawezi kutofautisha kipeo cha 2 na kipeo cha 3, na akikosea hapo amekosea swali zima. Fundi mwenzetu wa Jinja akitazama video ya kutengeneza bodi ya televisheni anahitaji kusoma namba iliyochapwa juu ya kapasita ndogo kuliko punje ya mchele. Kwa watu hawa ubora wa picha ni sehemu ya ujumbe wenyewe.

Kuna jambo jingine linalounga mkono wasiwasi wako kuhusu gharama kuliko ulivyolieleza. Namba ya ngazi peke yake haisemi data ni kiasi gani. Mnamo Machi 2020, wakati wa janga la korona, Netflix ilipunguza wingi wa biti, yaani kiasi cha data kinachotumwa kwa kila sekunde ya video, barani Ulaya kiasi cha kushusha trafiki yake kwa takribani asilimia 25, huku ikisema kwamba wateja wangeendelea kupata ngazi ya mpango wao. Tangu Desemba 2015 kampuni hiyo imekuwa ikipanga biti kwa kuzingatia filamu yenyewe, kwani katuni yenye rangi tambarare huhitaji biti chache kuliko mchezo wa mpira wenye nyasi na umati unaotikisika. Nayo YouTube mwaka 2023 ilianza kuwauzia wanachama wa Premium 1080p yenye biti nyingi zaidi kuliko ile 1080p ya kawaida. Kwa hiyo 720p yenye biti za kutosha inaweza kuonekana safi kuliko 1080p iliyobanwa kupita kiasi, na kwa mtu anayehesabu bando lake, 720p ndiyo ngazi ninayoipendekeza kwa simu: kwa Netflix inahitaji kasi ya Mbps 3 tu, dhidi ya 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K.

Mwalimu_Mbale

Nashukuru, h264ify imefanya kazi na darasa la leo limekwenda bila kukwama. Swali langu la mwisho ni la binafsi. Nakuja Kampala Jumamosi kununua simu ya mtumba pamoja na kisanduku cha televisheni. Nikisimama mbele ya muuzaji, nifanye nini hasa?

Mtazamaji_Ntinda (mleta uzi)

Mwalimu, nenda na simu yako ya sasa ikiwa na bando, uitumie kuwasha mtandao wa kushiriki (hotspot), ili usitegemee Wi-Fi ya dukani. Kwenye simu unayotaka kuinunua, fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya maelezo kuhusu programu. Mwishoni pameandikwa kama kifaa kimeidhinishwa na Google au la. Kama hakijaidhinishwa, usiendelee. Kama kimeidhinishwa, pakua DRM Info, ambayo ni ya bure na ndogo, na usome mstari wa Widevine. Ukiwa na akaunti ya Netflix, ingia nayo, fungua mipangilio ya programu, kisha sehemu ya vipimo vya uchezaji. Hapo utaona kiwango cha Widevine na ubora wa juu kabisa ambao huduma hiyo itakupa kwenye kifaa hicho. Mstari huo wa pili una uzito kuliko wa kwanza, kwa sababu nilizozitaja juu. Ukimaliza, ondoa akaunti yako kabla hujarudisha simu mikononi mwa muuzaji.

Kwa kisanduku, mwombe akichomeke kwenye televisheni ya dukani na urudie hatua zilezile, kisha ufungue video ya YouTube ya 2160p na dirisha la takwimu, uangalie kama fremu zinadondoka. Usitosheke na kile kilichochapwa kwenye boksi. Ukiridhika, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti, kando ya jina la modeli, kwamba kifaa kina Widevine L1, na aweke mhuri. Muuzaji anayekijua anachokiuza hatakataa kuandika maneno hayo mawili. Akikataa, duka linalofuata liko hatua chache tu kutoka hapo.